Namba ya Kufunika

2 Machi

Mvua imeanza kabla hatujaikaribisha. Ofisini bati linavuja pale pale palipozibwa mwaka jana, na fundi aliyeziba hapatikani tena kwenye simu. Tumeweka ndoo kati ya meza yangu na ya Koma. Koma ni mtafiti mwenzangu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata ukimletea ukurasa wenye dawa ya kuzuia mauti, atakwambia mstari wa pili umekosa koma. Ndoo ameifurahia. Anasema sasa tuna mpaka unaotambulika.

Nitaandika humu mpaka mvua ziishe. Zikiisha tutakuwa tumeshafunua, na nataka kukumbuka nilikuwa nawaza nini kabla ya kujua.

3 Machi

Umeme hakuna. Dada, anayejua tu kwamba naangalia mwanga wa huko mbali, ameuliza kama hauwezi kutusaidia kupika.

6 Machi

Dada yangu mkubwa ndiye ninayeishi naye. Kwa miaka mingi amewaambia majirani kwamba mimi ni mtu wa kompyuta, kwa kuwa ndilo jibu lisilozaa swali. Leo mvua imemfungia ndani na akaamua kuuliza kwa dhati nafanya kazi gani.

Nikamwambia: mbali kuliko mbali, nyota ikifa vibaya hulipuka na kurusha miale ya gama, mingine ya nguvu ndogo, mingine ya nguvu kubwa. Nadharia ya uhusianifu maalumu inasema mwanga wote huenda kwa mwendo mmoja, uwe na nguvu au usiwe nayo. Mwalimu wetu haamini kwamba hiyo ni kauli ya mwisho. Anasema ukijaribu kuuoanisha uvutano na fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kabisa, nafasi na wakati huenda visiwe laini tena. Kwa udogo usioelezeka vina kokoto. Gurudumu la lori halihisi kokoto, lakini gurudumu la kitoroli linahisi kila moja. Mwanga wa nguvu kubwa ndio kitoroli, maana mawimbi yake ni mafupi. Basi unachelewa. Kidogo mno, lakini safari ya mabilioni ya miaka hujumlisha hata kidogo, na satelaiti itauona ukifika nyuma ya wenzake.

"Kwa hiyo mnakaa mnaangalia nani kachelewa," Dada akasema.

"Ndiyo."

"Na mnalipwa."

"Siku nyingine."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nilicheka, ila moyoni nilijisikia vibaya, kwa sababu Mwalimu ametoa ujana wake wote kwa kitoroli hicho.

11 Machi

Mwalimu amekuja ofisini na koti lililolowa. Akakaa bila kulivua. Akauliza kazi iko wapi, nikamwambia tumebakiza milipuko michache tu. Akatikisa kichwa kama daktari. Tangu nimfahamu hajawahi kunisifu, na mimi hujitahidi nisionyeshe kwamba nasubiri.

Niandike hapa desturi yetu, maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Mtafiti anayetamani jibu hulipata hata lisipokuwepo. Hajui kwamba anadanganya. Anachagua tu hiki na kuacha kile mpaka data inamkubalia. Dawa yake ni kufunika. Mtu mmoja anaongeza ucheleweshaji wa bandia ndani ya data kabla wengine hawajaigusa, na kiasi alichoongeza anakijua peke yake. Namba hiyo inaweza kuwa kubwa, inaweza kuwa ndogo, inaweza hata kuwa sifuri, ili asiwepo wa kukisia. Data asilia tunazifuta kwenye mashine zetu. Tunafanya kazi yote gizani, tunakubaliana kwamba hatubadilishi kitu tena, ndipo mfunikaji anataja namba yake mbele ya wote, tunaitoa, na kinachobaki ndicho ukweli.

Mfunikaji wetu ni Mwalimu. Koma alitaka kompyuta ichague namba na kuihifadhi. Mwalimu akamjibu kwamba namba iliyohifadhiwa imeshajulikana, na kwamba kichwa chake hakijawahi kuibiwa. Tukacheka. Hakuna aliyebisha.

14 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

22 Machi

Jumla ya kwanza imetoka. Katika kipimo chetu, sifuri maana yake mwanga wote unafika pamoja, na moja ni ule ucheleweshaji hasa unaotabiriwa na nadharia ya Mwalimu. Data iliyofunikwa inasema: moja, pungufu kidogo.

Haina maana yoyote mpaka ifunuliwe. Nimemwambia Koma hivyo, naye akaniambia mimi hivyo hivyo, kisha hakuna aliyefanya kazi tena leo.

4 Aprili

Mwalimu kaniita kwa jina la mwanafunzi aliyehitimu zamani. Nikaitika. Mkubwa akikosea jina, unaitika.

19 Aprili

Tumefunua.

Tulifunga mlango. Koma akasoma kwa sauti kila tulichokubaliana kutobadilisha, akitua kwenye kila koma. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, uliongeza kiasi gani?"

Mwalimu alitazama dirishani, mvua ikimwagika kwenye kioo. Alifuata tone moja kwa macho hadi chini, nikadhani anatutania.

"Sifuri," akasema. "Sikuongeza kitu."

Maana yake ile moja ni ya kweli. Maana yake mwanga unachelewa, nafasi ina kokoto, na kauli iliyodumu zaidi ya karne ina nyongeza yake. Koma alivua miwani akafuta macho kwa tai. Mimi nilimkumbatia Mwalimu, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu, na nikahisi jinsi mabega yake yalivyokwisha ndani ya koti. Mkuu wa kitivo ameambiwa, naye ameahidi mhadhara mkubwa wa kumuaga Mwalimu anapostaafu mwishoni mwa Mei, na wageni kutoka nje. Mwalimu mwenyewe atatangaza.

Dada kaniuliza kulikoni nang'aa. Nikamwambia kuna aliyechelewa.

24 Aprili

Nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu kumsomea rasimu ya mhadhara. Mke wake, ambaye sote tunamwita Mama, alinikaribisha sebuleni. Mwalimu alisikiliza vizuri, akarekebisha hapa na pale, mkali kama kawaida. Halafu akasema kwa furaha, "Unajua, nilipoongeza ile mbili niliogopa mtashtuka mkiona jumla kubwa."

Nilidhani ni utani. "Mbili, Mwalimu?"

"Mbili."

"Siku ile ulisema sifuri."

Akanitazama. Sijawahi kuona uso wake ukiwa hivyo, kama mtu aliyefika chumbani akasahau alichofuata. Kisha akakunja uso. "Nusu," akasema. "Nilisema nusu. Msiwe mnanibadilishia maneno."

Mama alikuwa anatazama sakafu.

Alinisindikiza hadi getini na mwavuli mmoja, na tulipofika hakuniachia mkono. Akaniambia mambo yalianza mwaka jana. Funguo, majina, njia ya kwenda dukani. Ya zamani anayakumbuka yote, na hesabu zake anafanya sawasawa. Ni ya leo ndiyo yanayomponyoka. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani, mwanangu? Na yeye kichwa ndiyo kila kitu chake." Kisha akasema, "Mficha maradhi," na hakumalizia.

28 Aprili

Sijamwambia mtu.

30 Aprili

Koma anajua. Alisema akiwa amenipa mgongo, anamwaga maji ya ndoo dirishani. "Jana Mwalimu kaniita kwa jina la kaka yake. Yule aliyefariki. Tuombe data asilia kwa watu wa satelaiti. Tuzipige upya, tujue."

Nilimvaa. Nikamwambia kuomba data asilia ni kutangaza kwamba mfunikaji wetu si mzima. Nikamwambia anataka kumvua nguo mzee wa watu hadharani. Nikamwambia pia kwamba tunajua sote nani anaitamani ofisi ya Mwalimu, ile isiyovuja.

Alirudisha ndoo mahali pake polepole. "Akisimama pale akatangaza, na wenzetu wakapima wakakuta hakuna kitu, hapo ndipo atakapovuliwa nguo," akasema. "Sisi tutakuwa tumekaa mstari wa mbele tunapiga makofi."

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

3 Mei

Mvua tangu alfajiri. Kuta za ofisi zimeota ukungu wa kijani. Koma hazungumzi nami isipokuwa kazi inapohitaji, na haihitaji sana.

6 Mei

Nimekwenda kumwomba Mwalimu ruhusa mwenyewe. Niliona ni heshima zaidi kuliko kuzungukia nyuma yake. Sasa sijui.

Nilimkuta katika siku nzuri, yuko timamu kabisa. Nikamwambia tunataka kulinganisha na data asilia, ni ukaguzi wa kawaida tu. Alinisikiliza hadi mwisho, na kwa namna alivyonitazama nikajua hajaghilibika hata kidogo.

"Mnataka kujua kama niliwaambia kweli."

"Tunataka kuwa na uhakika, Mwalimu."

"Nimekufundisha tangu hujui kushika rula. Leo neno langu linahitaji shahidi?"

Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Hasira yake ilikuwa na hofu ndani yake. Nimeogopa hasira ya mtu huyu tangu nikiwa binti mdogo darasani, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeona kwamba yeye anaogopa zaidi yangu.

"Niache na hii moja," akasema kwa sauti ndogo. "Nyingine zote zinaondoka. Hii niachie."

Nilitoka bila kuaga. Nimelia njia nzima. Mvua ina faida moja, hakuna anayekuuliza.

9 Mei

Nimemweleza Dada yote. Akaniuliza, "Ukinyamaza, nani atalipa?" Nikasema yeye. "Na ukisema?" Nikasema yeye vilevile. "Basi fanya lile ambalo angekufanyia yeye zamani," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Yeye wa zamani angenifelisha bila kupepesa. Nimetuma maombi ya data.

10 Mei

Nimemwambia Koma. Amenisogezea kiti chake, kile chenye mto.

17 Mei

Data asilia zimefika asubuhi. Tulikuwa tumekubaliana hatubadilishi chochote, na hatukubadilisha. Mashine ilichukua muda, tukakaa upande mmoja wa ndoo.

Sifuri.

Miale yote, ya nguvu ndogo na ya nguvu kubwa, ilisafiri muda mrefu kuliko umri wa dunia yetu na ikafika pamoja. Ule upungufu mdogo wa Machi ulikuwa kosa la kipimo tu. Hakuna kitoroli. Kama kokoto zipo, ni ndogo kuliko alivyodhani, au haziugusi mwanga kwa namna alivyodhani.

Tulipotoa data asilia ndani ya ile iliyofunikwa, ikabaki moja kamili, bila hata chenji. Hiyo ndiyo namba Mwalimu aliyoiongeza. Kati ya namba zote, siku ile alipokaa peke yake na kuambiwa achague yoyote, aliandika ile aliyoishi nayo. Sidhani alikusudia. Nadhani mkono ulikwenda mahali ulipozoea. Sisi tukaja nyuma yake, kwa uangalifu mkubwa, kwa mbinu safi kabisa, tukapima tamaa yake na kuikuta haina dosari.

Alipotutajia sifuri, alisahau au alitamani? Nimejiuliza mchana kutwa, na nadhani hata yeye hajui.

Koma alisema, "Pole." Nikamwambia pole na wewe.

20 Mei

Tumemwambia. Tulikwenda wote wawili. Mama alikaa pembeni yake akamshika kiwiko.

Alichukua mchoro akautazama karibu, kisha mbali. Hakuuliza mara mbili. Macho yalipita kwenye mstari ulionyooka, yakarudi mwanzo, yakapita tena.

"Niliweka moja," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mjinga mimi."

Akalia. Alilia bila kuficha uso, kwa sauti, na Mama akawa anamfuta kama anavyofutwa mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke. Koma alipiga magoti mbele yake akawa anakusanya karatasi zilizoanguka, moja moja, akizipanga, akichelewa makusudi ili asiinuke.

21 Mei

Mhadhara umeahirishwa. Nilikwenda kumweleza mkuu wa kitivo, nikakuta ameshaelezwa. Koma alitangulia, akasema kosa lilikuwa kwenye programu aliyoiandika yeye. Ameandikiwa karipio. Nilipomfuata ofisini alikuwa anasahihisha mitihani.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Makala itasema ukweli wote ikitoka," akasema. "Ila wiki hii apumzike. Na ile ofisi siitaki, haina hewa."

Nilimwomba radhi. Akasema nimeitamka vizuri, ila baada ya "naomba" nimeweka kituo kirefu mno.

24 Mei

Nilipita kumjulia hali. Mwalimu alinipokea mlangoni akitabasamu. "Enhe! Tumefunua?"

Nilimtazama Mama. Akaangalia pembeni.

Nikamweleza tangu mwanzo. Akalia tangu mwanzo.

27 Mei

Vilevile.

28 Mei

Mama kanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha. "Mwanangu, nakuomba kitu kimoja. Akikuuliza kesho, mwambie mwanga ulichelewa. Utapungukiwa nini? Atafurahi, atakunywa chai yake, atasahau. Mimi ndiye ninayebaki naye mkishaondoka ninyi."

Nikasema sawa.

29 Mei

"Tumefunua?" akauliza.

"Tumefunua, Mwalimu. Mwanga ulichelewa. Ni moja, kama ulivyosema."

Jamani, furaha ile. Alifumba macho. Alimtafuta Mama kwa mkono akampata, na Mama akatabasamu huku machozi yanamtoka. Kwa dakika ile niliona tumefanya jambo jema na nikajilaumu kwa kutolifanya mapema.

Kisha akafumbua macho. "Umejuaje kwamba ulichelewa njiani? Huenda mwanga wenyewe ulitoka nyumbani umeshachelewa."

Hilo ni swali la mwaka wa kwanza. Nikajibu kwamba milipuko ya mbali ilichelewa zaidi kuliko ya karibu.

"Zaidi kwa kiasi gani?"

Nikatunga.

"Na ule wa mbali kuliko yote?"

Nikatunga tena. Niliona midomo yake ikicheza, anahesabu. Amesahau siku, amesahau mwezi, jina langu huenda analo au hana, lakini hesabu ilikuwa inakwenda nyuma ya paji la uso wake bila kuteleza.

"Namba hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja," akasema. "Ama ya kwanza ni uongo ama ya pili." Akanisubiri. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

"Njia ya mwongo fupi, binti yangu," akasema, wala si kwa ukali. "Ni sifuri, sivyo?"

"Ni sifuri, Mwalimu."

Sasa hakulia. Aliuliza kama kazi ilikuwa safi. Nikamwambia safi kabisa. Akauliza kama mfunikaji alikosea. Nikasema alikosea, na tumegundua. Akauliza mfunikaji alikuwa nani. Nikamwambia.

"Basi yaandikeni yote, na hilo la namba pia," akasema. "Jina langu lianze. Mwenye wazo ndiye alizike."

Mama alilia kwa ajili yetu sote. Nilimwomba anisamehe, akasema hana la kusamehe, amechoka tu.

3 Juni

Tunaandika. Koma ameondoa koma nyingi. Sijamuuliza.

8 Juni

Amesahau aliyoyasema. Kauliza tena, nikamwambia ukweli, akalia. Sitamdanganya tena, na sijui nitaweza kwenda mara ngapi.

15 Juni

Mvua zimekatika. Bati limekauka, ndoo tumeirudisha kwa mfagizi.

Makala imekamilika na imetumwa. Nilichapisha nakala kwa herufi kubwa nikampelekea. Hakuuliza kama tumefunua. Hakuniita kwa jina lolote. Alinikaribisha kwa adabu kama mgeni, akachukua kurasa, akaanza kusoma akiwa na kalamu mkononi, mimi na Mama tukimtazama.

Alisoma mpaka mwisho. Alipofika kwenye aya ya namba ya kufunika, alirudi akaisoma tena.

"Hawa wamefanya kazi ya kweli," akasema. Akafunua hadi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye jina la juu kabisa, jina lake. "Huyu mzee unamjua?"

"Namjua."

"Mpe pole yangu," akasema, na akanirudishia makala.